Gundi Inayokubali Kufunguliwa

Barasa na Chebet, mlisema niandike kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimekubali kwa sababu kati ya Kitale na Bungoma hakuna mtu mwingine anayeweza kuandika habari hizi. Fundi wa magitaa ya klasiki, ya kuundwa kwa mkono tangu ubao mbichi hadi uzi wa mwisho, nilikuwa peke yangu mpaka nilipowafundisha ninyi wawili. Sijivuni. Niliwatafuta wengine nikawakosa.

Funguo za karakana mnazo. Macho yangu bado yanauona mlima vizuri, lakini mstari wa penseli hayauoni tena, na kiganja changu cha kulia kinakataa kukunjuka kila nikishika patasi asubuhi ya baridi. Kuhusu kustaafu, hayo yanatosha. Nani alinilipa na nani alinisifu sitaandika, ingawa walionisifu walikuwa wengi.

Nilizaliwa Saboti, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na viazi. Diploma yangu ya useremala niliipata kwa jasho langu mwenyewe: kila likizo nilitengeneza vitanda na milango ya majirani ili nipate kurudi chuoni muhula unaofuata. Diploma hiyo mnaijua. Ndiyo ile iliyoning'inia juu ya jiko la gundi hadi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wageni waliniuliza mbona siihamishi ukuta mwingine. Sikuihamisha kwa sababu kila anayeingia karakana hutazama jiko kwanza.

Baada ya chuo nilitengeneza makabati Nairobi, kisha nikapata mkataba wa kazi Uhispania, katika mji wa Granada, wa kuweka milango na ngazi katika nyumba za watu. Karibu na chumba nilichopanga kulikuwa na karakana ndogo, na ndani yake mzee aitwaye Anselmo akipinda ubao mwembamba juu ya bomba la moto, polepole, kama mtu anayenyoosha kola ya shati ya Jumapili. Nilisimama nikitazama hadi chakula changu cha mchana kikapoa. Kesho yake nikarudi. Mwishowe alichoka kunifukuza kwa macho, akaniita ndani.

Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya mbao niviunganishe. Nilivipiga randa hadi mwanga usipite katikati, nikapaka gundi nyeupe ya chupa niliyotoka nayo kazini, nikabana. Asubuhi yake alivigeuza mkononi, akakubali kwamba hajaona kiungo safi kama kile kutoka kwa mgeni. Alisema hivyo kweli, ingawa hakuna shahidi aliyebaki. Halafu akanirudishia.

"Sasa vitenganishe."

"Nivitenganishe? Nimevibana ili visiachane."

"Gitaa litaishi kuliko wewe," akasema. "Siku moja litaumwa. Daktari atapitia wapi?"

Ndipo akanionyesha gundi ya ngozi, gundi ya kale kuliko sisi wote. Ikipoa inashika kama mfupa. Ukiipa joto na unyevu kidogo, inakumbuka kwamba ilikuwa mchuzi, na inaachia. Nilijifunza mengi kwake: kugonga ubao kwa kucha na kusikiliza, kupaka polishi ya shelaki kwa kitambaa hadi mkono ufe ganzi, kuacha randa chini nikiwa na hasira. Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja la kumshukuru, ni hilo swali lake la daktari.

Nilikaa naye miaka mingi. Ningeweza kubaki, na karakana yake ingekuwa yangu. Lakini mama yangu alikuwa amebaki peke yake Saboti, na mimi nilikuwa nimeanza kuwaza podo, mti wetu wa mlimani wenye mbao nyepesi. Nilijua kwamba katika nyumba za zamani za mashamba yetu kuna dari za podo zilizokauka tangu kabla sijazaliwa, na watu wanazichoma kupikia githeri.

Nyumbani walitarajia gari. Shangazi zangu walisimama barabarani wakitazama nyuma ya lori lililonileta, kana kwamba kuna jingine linakuja. Nikashusha sanduku la patasi na randa, na bomba la chuma.

"Na hiyo bomba ni ya nini?" akauliza shangazi yangu mkubwa.

"Ya kupindia mbao, shangazi."

"Ati umetoka Ulaya na bomba? Si hata hapa Kitale ziko?"

Ziko, tena nzuri kuliko ile. Lile nililolitumia hadi nilipostaafu nililinunua kwa fundi wa maji wa hapo hapo mjini.

Nilipanga chumba Kibomet kwa Mama Shiku, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia zamani. Mbele alikuwa na hoteli yake ya chai na mandazi. Nyuma nikawa mimi. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipoleta ngozi za ng'ombe kutoka kichinjioni, nikaziloweka katika chokaa, nikazisuuza, nikaanza kuzichemsha polepole kutwa nzima. Mama Shiku alikuja na mwiko mkononi.

"Fundi, unapika nini?"

"Gundi, Mama Shiku."

"Hiyo si gundi. Hiyo ni viatu. Wateja wangu wanauliza kama nimeanza kuuza supu ya viatu."

Nikamweleza habari za Granada, na za Anselmo, na kwa kuwa alikuwa bado amesimama, nikamwonyesha diploma. Akaisoma yote.

"Haijasema mahali pa kupikia," akasema.

Tukapatana kwamba nipike Jumapili mchana, yeye akiwa kanisani. Ndiyo sababu hadi leo gundi yetu hupikwa Jumapili, na kama mlidhani ni siri ya Kihispania, haikuwa. Hata hivyo, kila nilipopasha moto kidogo katikati ya wiki alipaza sauti kutoka mbele, "Leo tena viatu?" Nilisikia maneno hayo kwa muda wote wa kazi yangu. Mwanzoni yaliniudhi. Sasa niko nyumbani Saboti na hakuna anayeniuliza.

Mbao mnazijua, lakini andikeni mahali. Ubao wa uso, ule unaotoa sauti, ni podo ya dari za zamani, iliyopasuliwa ili mistari yake isimame wima. Mgongo na mbavu ni saipresi, ile mikubwa iliyopandwa kuzuia upepo kwenye mashamba upande wa Kiminini. Ya uani haifai, ina mafundo. Ubao wa kubania nyuzi ni mzeituni mwitu wa mlimani. Mbao zikae darini miaka, msizidanganye kwa jiko. Na sanduku la gitaa, yaani tumbo lake, lifungwe Januari au Februari tu, wakati vumbi la Kitale linapokauka hadi midomo ipasuke. Ukilifunga wakati wa mvua, ubao ukiwa umevimba, kiangazi kitauchana mbele ya macho yako. Wakati wa mvua tuchonge shingo, tunoe, tusikilize Mama Shiku.

Gundi ya ngozi ina ubaya wake, nami si mtu wa kuficha. Mchungaji mmoja wa Kiminini alihifadhi gitaa lake katika stoo ya mahindi baada ya kuvuna. Panya waliingia, wakayapita magunia yote ya mahindi, wakala gundi. Alipolileta lilikuwa limeachana kama kitabu kilicholowa. "Fundi," aliniambia kwa uchungu, "mahindi hawakugusa hata punje moja." Nilimwambia panya wake wana ladha nzuri, nikalirudisha lote bila kubadilisha hata kipande. Mwingine alilitundika gitaa lake jikoni, juu ya sufuria ya ugali, na mvuke ukafanya kazi yake. Barasa, hapo wewe ulikuwa umeshakuja kutoka Bungoma, ukiwa fundi wa makochi mwenye jina, na ulinisema mbele ya mteja.

"Mzee, si kuna gundi ya chupa, bana? Unapaka, unabana, unaenda kunywa chai. Hakuna panya, hakuna viatu."

Chebet, wewe ulicheka hadi ukaweka kitambaa cha polishi chini. Mteja naye akanitazama akingoja jibu. Nilisema tu kwamba siku itakuja. Barasa ukasema siku ikija utaninunulia soda.

Sasa nifike kwa Mwalimu Respah, kwa sababu nikiacha yote mengine haya, hilo siwezi kuliacha.

Mwalimu Respah alifundisha muziki katika shule ya wasichana Bungoma. Gitaa lake ndilo la kwanza nililolitengeneza kwa mbao za kwetu tupu, bila kipande kutoka nje, na nilijua wakati nikilifunga kwamba sitatengeneza jingine kama hilo. Ubao wake wa uso ulitoka dari ya nyumba iliyobomolewa Saboti, ng'ambo ya kijito kutoka kwetu. Nimewahi kuwasikia watu wakicheza gitaa kule Granada, wanaume wenye makucha marefu na majina marefu. Respah akilishika gitaa lile harusini, watu waliacha kula. Hata Mama Shiku, siku Respah alipolijaribu karakana mara ya kwanza, alikuja akasimama mlangoni hadi mandazi yakaungua, na hakunilaumu.

Wakati mmoja wa likizo alikuwa nyumbani akikata nyasi za ng'ombe kwa mashine. Mashine zile mnazijua, kila boma lina moja. Ilichukua kidole kidogo cha mkono wa kushoto na nusu ya kidole kinachokifuata.

Sikuwa na habari. Nilimwona tu akiingia karakana na gitaa ndani ya mfuko wake, na mkono mmoja ndani ya sweta.

"Fundi, nimekuletea mtoto wako nyumbani."

"Ana nini?"

"Yeye hana kitu. Mimi ndio nina." Akautoa mkono. "Mtafutie mtu mwenye vidole."

Chebet, ulisimama. Barasa, ulizima randa ya umeme, ile uliyoileta bila ruhusa yangu. Kwa mchezaji wa gitaa mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni, na unahitaji vidole vyote vinne. Kila mtu mle ndani alijua hivyo. Respah alikuwa ameshaweka gitaa juu ya meza, amegeuka kwenda.

Nikamwambia, "Mwalimu, niinulie huo mkono." Akadhani nataka kuuona tena, akakasirika, lakini akauinua. "Sasa nionyeshe kidole gumba. Cha shahada. Cha kati."

"Unafundisha nani kuhesabu?"

"Mkono wa kudonoa nyuzi unatumia hivyo vitatu, na cha nne unakiazima tu. Kidole kidogo haukigusi kabisa. Mwalimu, mkono wako wa kushoto umeharibika kwa kubana. Kwa kudonoa ni mzima."

Wazo hilo lilikuwa langu, na simwachii mtu. Alielewa upesi, maana alikuwa na akili. Akaketi juu ya gogo la saipresi.

"Yaani nigeuze gitaa. Nyuma mbele."

"Nyuma mbele."

"Miaka yote hii nimecheza, halafu nianze do re mi kama kidato cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Fundi, una roho ngumu wewe."

Nikamwambia nitamtengenezea gitaa jipya la mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa. Alisema kama ni jipya hataki, afadhali aache kabisa. Jipya lingekuwa la mtu aliyekatwa vidole. Hili lilikuwa lake kabla ya mashine, na kama kuna kuanza upya, angeanza na linalomjua. Aliposema hivyo nilijua kwamba nikilivunja gitaa lile, muziki wake umeishia hapo hapo.

Kubadilisha nyuzi peke yake hakutoshi. Ndani ya gitaa, chini ya ubao wa uso, kuna vijiti vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na juu yake boriti ndogo iliyokaa mshazari. Upande wa nyuzi nene ni imara, upande wa nyuzi nyembamba ni laini. Ukigeuza nyuzi bila kugeuza hayo, gitaa litaimba kama mtu mwenye mafua. Kwa hiyo ilibidi kuufungua mgongo wote, kuvibandua vijiti na boriti, kuvipanga upya, na kuhamisha daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao wa uso. Na ule ubao wa podo una unene wa sarafu.

Barasa ulikuwa wa kwanza kusema. Ulisema polepole, ukitazama mshono wa mgongo. "Kama tungetumia ya chupa, hapa tungetafuta msumeno." Nikapitisha kucha kwenye mshono.

Tuliianza kazi asubuhi ya Februari. Respah alikataa kukaa kwenye hoteli ya mbele, akaketi pale pale juu ya gogo. Chebet, ulipasha visu juu ya makaa, ukinipa kimoja kikipoa kingine. Kitambaa kibichi, joto, ncha ya kisu kwenye mshono, halafu kungoja. Gundi ikiachia, inatoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti ndani ya mfuko. Tuliufuata mlio huo kuuzunguka mgongo wote, na mgongo ukainuka mzima, bila ufa, na harufu ya gundi niliyoipika Jumapili ile ikatoka ndani. Vijiti navyo vikakubali kimoja kimoja.

Boriti haikukubali. Nilipoweka kisu chini yake niliona uzi wa podo ukianza kuinuka pamoja nayo. Mwendo mmoja zaidi na ubao ungechanika hadi kwenye tundu la sauti. Nikatoa kisu. Nikaweka kitambaa kibichi chenye joto juu ya boriti, nikaondoa mikono yangu, nikaikalia. Hiyo pia ni kazi, kukalia mikono, na Anselmo alikuwa ameniambia ndiyo ngumu kuliko zote. Chebet, ulibadilisha kitambaa. Barasa ulipepea makaa. Redio ya Mama Shiku ilisikika yote. Mwishowe akaja mlangoni na birika.

"Leo mbona mmenyamaza hivi? Kuna mgonjwa?"

"Ni mimi, mama," Respah akasema.

Mama Shiku akautazama mkono, akalitazama gitaa lililofunguliwa mezani. Hakusema neno juu ya viatu. Akamimina chai, akampa Respah kikombe kwenye mkono ule ule wa kushoto, akangoja hadi alipokishika sawasawa. Nyuma yao boriti ikalia mlio wake mdogo, ikaachia.

Ule uzi wa podo niliulaza chini kwa tone la gundi. Tukapanga kila kitu upya, nikachonga mfupa mpya wa ng'ombe wa kupitishia nyuzi, tukaufunga mgongo kabla mvua hazijaanza. Siku alipokuja kulichukua hakulicheza. Alilipakata upande mpya, akalipakata upande wa zamani, akarudi upande mpya, akasema, "Ni kama kuandika kwa mguu." Akalitia kwenye mfuko akaenda zake.

Halafu kimya. Mvua zikaja, mahindi yakavunwa, mahindi yakapandwa tena. Watu wa Bungoma waliokuja karakana walisema Mwalimu Respah harusini haonekani siku hizi. Wengine walisema anafundisha nadharia tu, ya ubaoni. Mnajua mimi hupenda kuwasimulia wateja kazi zangu, lakini hiyo sikuisimulia. Ningesema nini, kwamba nililifungua gitaa bora kuliko yote na kulifunga likawa zuri la kutundikwa ukutani? Chebet uliwahi kuniuliza kama tumpigie simu. Nikakataa. Kila nilipotazama jiko nilimwona ameketi juu ya gogo na kikombe chake.

Respah alikuja wiki ile ya mwisho kabla sijastaafu, siku mliyokuwa mmeenda Saboti kutazama dari za podo. Hiyo ndiyo sababu naandika, kwa kuwa hamkuwepo.

"Fundi, nasikia unaondoka. Kabla hujaenda, uzi wa tatu unanguruma."

Nikalichukua gitaa hadi dirishani. Macho yangu ni ya kustaafu, lakini mwanga ulikuwa mzuri. Kwanza niliona doa la zamani, la miaka yake ya kwanza, pale mkono wa kulia ulipokuwa ukiegemea, ambapo polishi ilikuwa imefifia kidogo. Ng'ambo ya pili ya tundu la sauti kulikuwa na doa jingine. Hilo halikufifia tu. Polishi ilikuwa imekwisha, imeliwa hadi kwenye podo yenyewe, pana kuliko la zamani, na pembeni yake mkwaruzo mmoja mnene ambao kucha haziwezi kuuacha. Niliutambua. Ni ile nusu ya kidole, ikijiegemeza.

Hakuna aliyelitundika ukutani gitaa lile hata siku moja.

"Umekuwa wapi, Mwalimu?"

"Darasani. Nyuma kabisa, na kidato cha kwanza. Kuna msichana mmoja alikuwa ananishinda, akanitazama akaniambia, 'Mwalimu, usikimbie.' Mimi ndio nilimfundisha kusema hivyo." Akacheka. "Harusi sijarudi. Narudi Agosti, kama huyo msichana akiniruhusu."

Nikachonga mfupa, ngurumo ikaisha. Nikampa ajaribu. Alicheza wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto, akakosea katikati, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akaupita mahali pale. Si kama zamani. Awali alicheza kama mtu anayeshuka mteremko. Sasa anaupanda, na unasikia kila hatua. Sijui ni upi ninaupenda zaidi, nami ni mtu wa kujua. Mbele, redio ilikuwa imezimwa.

Alipomaliza alilipangusa kwa kanga yake, akanionyesha lile doa.

"Na hapa utanipakia polishi? Pameharibika sana."

Nimepaka polishi maisha yangu yote na sijawahi kumkatalia mteja. Nilimkatalia yeye. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi iliyomalizwa vizuri kuliko zangu zote. Akaniambia, "Leo umekubali mtu akushinde?" Nikamwambia asimwambie Mama Shiku. Kutoka mbele sauti ikasema, "Nimesikia."

Barasa, lile swali la gundi ya chupa sasa unajua kulijibu, na soda bado nakudai kwa moyo mkunjufu. Chebet, jiko ni lako, na ukuta juu yake uko wazi. Diploma yangu nimeondoka nayo, tundikeni kitu chenu. Mmenipa uzee usio na wasiwasi, na mtu wa kazi hawezi kupewa zaidi ya hapo.

Mwalimu Respah akija, angalieni mfupa, angalieni mishono, badilisheni nyuzi. Ubao ukipata ufa, ufungueni, utakubali. Lakini lile doa la upande wa pili, hata akiwabembeleza, msiliguse.